Mpingo Unapokataa

Ipo dhana kwamba sanamu huzaliwa kamili kichwani mwa mchongaji, kisha mikono ikatafuta gogo la kuibeba. Mimi siikubali, na mpingo ndio ushahidi wangu.

Wamakonde waliotoka uwanda wa Mueda, Msumbiji, wakavuka Ruvuma kufuata kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, walikuwa mafundi tangu kwao. Barakoa zao za ngoma ya mapiko walizichonga kwa mti mwepesi, kwa kuwa mchezaji aliivaa yake kichwani na kucheza nayo. Mwili wa mchezaji ndio uliochagua mti. Baadaye wakaja wanunuzi waliotaka sanamu za kusimamishwa mezani, na uzito haukumwelemea mtu tena. Mpingo, ambao kiini chake huzama majini, ukashika nafasi, na umbo nalo halikubaki lilivyokuwa.

Mti huu hukua taratibu kwa miongo mingi, na mara nyingi shina lake ni fupi, limepinda, lina nyufa, hata uwazi katikati. Watengenezaji wa klarineti huutafuta ulionyooka usio na dosari. Mchongaji hupokea hata uliopindika. Katika miaka ya 1950 ulianza kuonekana mtindo wa shetani, ambao wengi humtaja Samaki Likankoa kuwa mwanzilishi wake: viumbe vyenye jicho moja, mkono unaogeuka mguu, tumbo lililo tundu tupu. Nikivitazama naona shina lenye uwazi limepata mtu wa kuuheshimu uwazi wake. Sidhani kama gogo lililonyooka lingemfikisha mtu huko.

Mtazame mchongaji pale Mwenge, Dar es Salaam, kabla hajapiga pigo la kwanza. Analigeuza gogo, analilaza, analisimamisha, anapitisha kiganja penye ufa. Kisha tezo inaanza kula gome. Chini yake kuna tabaka jeupe lenye umanjano, ndipo weusi uanze. Kuna wanaoliondoa lote, na kuna wanaobakiza kipande kiwe kilemba au ukingo wa shuka. Mpaka wa weupe na weusi haunyooki, na hakuna aujuaye hadi tezo ifike. Uamuzi unamngoja pale pale, naye hana nafasi ya kuujaribu kwanza: udongo uliobanduliwa hubandikwa upya, kibanzi cha mpingo hakirudi.

Basi je, mchongaji ni mtumwa wa mti? La. Mti haumjui shetani wala binadamu. Wape wachongaji wawili vipande vya gogo moja, utapata viumbe wawili wasiofanana. Mpingo hukataa tu: hapa hupiti, hapa nitapasuka. Kukataa si kuamuru. Anayeamriwa hubakiwa na njia moja, lakini anayekataliwa njia moja hubakiwa na nyingine zote, na ni katika kuzitafuta ndipo anapokuta umbo ambalo hakuja nalo. Uhuru wa msanii nauona hapo, kuliko katika kufanya lolote atakalo.

Ndiyo maana hunisikitisha kuona mti mweupe uliosuguliwa rangi ya viatu ukauzwa kama mpingo. Mnunuzi amedanganywa, naam, na kiganja chake kingemwambia kwa wepesi wa kitu alichoshika. Hasara iliyo kubwa zaidi ni ya sanamu yenyewe. Mti laini umekubali kila kitu, kwa hiyo mchongaji amerudia umbo ambalo mti mwingine ulilihangaikia.

Leo mpingo mzuri umeadimika, na kijana anayejifunza kazi hii huenda akaanza na mninga, wenye rangi na nyuzi zake. Sitaki aupake weusi. Nataka aupige tezo hadi ajue nao unakataa wapi.