Tunamfundisha mtoto amshitaki baba yake?

Tuseme mtoto wa darasa la sita katika shule mojawapo ya mwambao wa Kigoma, iwe Kibirizi, Katonga au Ujiji kwenyewe, amefundishwa kwenye klabu ya mazingira kwamba kokoro likivutwa ufukweni linazoa samaki wachanga na kuvuruga mazalia yao, na kwamba chandarua cha mbu kikitumika kuvulia dagaa hakimwachi hata aliyezaliwa jana. Amefundishwa vizuri, ameelewa, na pengine ameigiza mchezo huo mbele ya wageni akapigiwa makofi. Jioni anarudi nyumbani, anakaa mkekani, anawekewa ugali na dagaa. Dagaa wale kawavua baba yake, kwa kokoro. Afanye nini?

Ndugu msomaji, swali hili linaonekana dogo, lakini wanaoandaa mafunzo ya mazingira kwa vijana aghalabu hulipita haraka, na sisi wazazi na walimu wa madrasa hatulijibu kabisa.

Kwanza tuwape haki yao wenye haki. Mkoa huu ni miongoni mwa sehemu ambako elimu ya namna hii ina historia ndefu. Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe, Gombe ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968, na mwaka 1991 mama huyo alianza na wanafunzi 12 tu jijini Dar es Salaam kile kilichokuja kuitwa Roots & Shoots, yaani mizizi na machipukizi. Alipofariki Oktoba 1, 2025, akiwa na umri wa miaka 91, klabu hizo zilikuwa zimeenea nchi nyingi duniani. Watoto wanaotesha miche, wanaokota plastiki ufukweni, wanaelezwa kwa nini mlima ukivuliwa miti udongo wake huishia ziwani. Muislamu hana sababu ya kuyaonea haya mambo haya. Mtume (s.a.w.) aliiwekea Madina eneo ambalo miti yake haikatwi na wanyama wake hawawindwi, na alihimiza mwenye mche mkononi aupande hata kama Kiyama kinasimama.

Lakini kupanda mti na kuokota chupa ni sehemu nyepesi ya somo. Hakuna baba anayekosa chakula kwa sababu mwanawe kaokota chupa. Sehemu nzito ni pale elimu inapogeuka shitaka, na anayeshitakiwa ndiye anayemlisha mwanafunzi.

Wapo watakaosema mtoto anyamaze, kwani utii kwa wazazi ni faradhi. Jibu hili halitoshi. Qur'an inatuonesha Nabii Ibrahim (a.s.) akimkabili baba yake kwa jambo kubwa kuliko samaki, na akimwita kwa upole, baba yangu, baba yangu. Utii haukumziba mdomo, ulimfundisha namna ya kuufungua. Wengine, hasa maofisa, wangependa mtoto atoe taarifa. Hili nalo ni hatari. Nyumba ambayo baba anamwogopa mwanawe kama anavyoiogopa boti ya doria haitakuwa na malezi tena, na kwa hakika mtoto huyo hatapelekwa klabu wiki inayofuata.

Basi wengi hukimbilia kisa mashuhuri cha Hassan na Hussein, walipomkuta mzee akitia udhu vibaya. Hawakumwambia kakosea. Walimwomba awe mwamuzi baina yao, kila mmoja akatia udhu mbele yake, na mzee akajiona mwenyewe. Kisa kizuri, na hutolewa kwenye mawaidha kila mara. Ila tukitazame vyema. Yule mzee alipojirekebisha hakupoteza kitu. Maji yalikuwa yale yale, na jioni alikula kama kawaida. Mvuvi wa Kibirizi akiliacha kokoro leo, kesho anakula nini? Adabu ya mtoto, hata iwe ya Hassan na Hussein, hainunui nyavu yenye matundu halali. Na tukumbuke kuwa hata upole wa Nabii Ibrahim ulijibiwa kwa tishio la kupigwa mawe na kuambiwa aondoke. Yeye alikuwa na Mola wake wa kumtosheleza na miguu ya kumpeleka. Mtoto wa miaka 12 ataondoka aende wapi?

Jambo hili liliwahi kufahamika hapa hapa Kigoma. Mradi wa TACARE ulipoanza mwaka 1994 katika vijiji vilivyoizunguka Gombe, ilikuwa imeshaonekana kwamba vilima vya nje ya hifadhi vimebaki vitupu, na kwamba watu wenye dhiki hawawezi kuambiwa habari za sokwe peke yake. Ikabidi kuwasikiliza wanavijiji kwanza: afya, maji, kilimo, mikopo midogo ya akina mama, masomo ya wasichana. Miti ikaja pamoja na hayo. Huo ndio mpangilio wa haki. Tena tazameni mchikichi. Hakuna mtu Ujiji anayehitaji klabu kumfundisha kuutunza, maana mafuta yake yako kwenye chungu chake.

Kuna na jambo la ukweli kamili. Tukimwambia mtoto kwamba dagaa na migebuka wamepungua kwa sababu ya kokoro tu, tumemwambia nusu. Mwaka 2003 wataalamu walichapisha matokeo ya utafiti kwamba Ziwa Tanganyika linapata joto, na maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, rutuba yake nyingi iko chini, na upepo ndio unaoipandisha. Isipopanda, chakula cha dagaa kinapungua hata kama hakuna aliyetia nyavu majini. Joto hilo halikutoka kwenye karabai ya mvuvi wa Ujiji. Limetoka zaidi kwenye viwanda na magari ya nchi zilizo mbali, ambazo baadhi yake ndizo zinazofadhili semina. Hili halilihalalishi kokoro, kwa kuwa kidogo kilichobaki ndicho kinachohitaji kulindwa zaidi. Lakini mtoto ana haki ya kujua kwamba baba yake si mkosaji pekee, wala si mkubwa.

Nitaambiwa: samaki mkunje angali mbichi, wakubwa wameshakauka. Ni hoja inayopendwa, nami naiona ina uvivu ndani yake. Mwanafunzi wa leo hatamiliki chombo cha uvuvi kwa miaka kumi au zaidi. Dagaa huishi mwaka mmoja hivi. Vizazi vingapi vya dagaa vitapita tukimngoja mtoto akue? Serikali yenyewe haikungoja. Kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa, shughuli za uvuvi upande wa Tanzania zilisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Waliobeba mzigo wa miezi ile mitatu ni wakubwa, na watoto wao waliubeba pamoja nao bila kuulizwa.

Kwa hiyo klabu ziendelee, ila mwalimu asimpeleke mtoto nyumbani peke yake na ujumbe huu. Siku somo la kokoro linapofundishwa, wavuvi wenyewe waitwe shuleni, wakae mbele, waulizwe ziwa lilikuwaje walipokuwa vijana, maana wanayajua yasiyo vitabuni. Maimamu wa Ujiji walizungumze Ijumaa, kwa wenye vyombo na si kwa wanaovuta kamba tu. Na mfadhili mwenye fedha za kuchapisha fulana za watoto aulizwe bei ya nyavu halali moja, kisha aulizwe fulana ni ngapi.