Begi la Frateri lilikuwa na kilo ngapi?



Mwaka nilipomaliza falsafa nilitembea na vijana wenzangu kwa miguu kutoka Mlandizi hadi Bagamoyo, kusali pale Msalabani ufukweni, kwa kukumbuka wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni mwaka 1868. Tulipita njia ya Makofia. Ni zaidi ya kilomita 40.

Wiki mbili kabla nilikuwa nasoma mtandaoni jinsi watembeaji wa masafa marefu wanavyopunguza mizigo. Mahujaji wa Santiago de Compostela, Hispania, wana kanuni yao: begi lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Wamarekani wengine wanakata hadi mpini wa mswaki! Mimi nina kilo 62, nikataka kuwashinda wote. Taulo likatoka, kitenge kikaingia, maana kitenge ni taulo, ni shuka, na jua likiwaka ni kivuli. Sendo zikabaki nyumbani. Mafuta ya mgando nikayahamishia kwenye kikopo kidogo. Maji nikachukua lita moja tu, kwa sababu lita ya maji ni kilo nzima. Mzani wa dukani ukasoma kilo mbili na nusu. Nikajiona Fransisko wa Asizi kabisa.

Mdogo wangu mmoja, dereva wa bodaboda, alikuja na begi utadhani anahama. Blanketi, bandeji, karanga za kulisha ukoo, na dumu la maji la lita tano. Nikamtania, "Vipi, mwenye nyumba kakufukuza?" Watu wakacheka. Nikampa na kisemina kifupi cha Marko 6, jinsi Yesu alivyowatuma Thenashara bila mkate wala mkoba.

Tulianza saa tisa usiku. Jua lilipopanda, chupa yangu ilikuwa tupu na duka halionekani. "Frateri, kunywa tu," akasema. Nikanywa. Baadaye nikanywa tena. Wawili walioniiga nao wakanywa. Tulipokaribia Makofia dumu lilikuwa limeisha, lakini yeye alikuwa ameshalibeba umbali wote huo. Mabega yamechunika, visigino vyote malengelenge. Akashindwa. Akapanda bodaboda kurudi Mlandizi, dereva amekuwa abiria. Mimi nilifika. Nina picha chini ya Msalaba, begi dogo mgongoni, natabasamu.

Picha hiyo siipendi. Kilo zile nilizoziacha hazikupotea, zilihamia kwa mtu mwingine, na mimi nikaita hilo ufukara wa kiinjili. Bagamoyo yenyewe inaijua hesabu hii: misafara ya karne ya 19 ilipita pale, wapagazi wakibeba mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja, na mwenye msafara anatembea mikono mitupu. Naye bila shaka alijiona mwepesi.

Sasa kuna atakayebisha: basi kila mtu abebe dumu lake, yaishe? Hapana, na hapa ndipo pananisumbua. Yesu kweli aliwatuma bila mkate. Maana yake wangekula mlangoni kwa mtu. Wepesi wao ulikuwa ni kukubali wazi kwamba watahitaji watu. Wangegonga, wangeomba, na mwenye nyumba angejua anamkaribisha nani. Tena haikuwa sheria ya daima, kwani katika Luka 22:36 anawaambia mwenye mfuko auchukue. Mimi sikuwa nimemwomba mtu. Niliondoka nikiamini simhitaji yeyote, hata nikamcheka yule niliyekuja kumhitaji.

Paulo katika Wagalatia 6 anasema tubebeane mizigo, halafu mistari mitatu mbele anasema kila mtu atabeba wa kwake. Darasani tulidhani anajipinga. Kigiriki kina maneno mawili pale: "baros", uzito unaomwelemea mtu, na "phortion", mzigo ulio wako. Na Yesu anaposema mzigo wake ni mwepesi, Mathayo 11:30, neno ni hilo la pili. Kwa hiyo hata mwepesi bado ni mzigo, na una mwenyewe. Maji yangu ya kunywa yalikuwa phortion yangu. Uchovu wake pale Makofia ulikuwa baros, na hapo hata begi lake sikulipokea, nilikuwa nawahi picha.

Lita tano tungeweza kugawana watano, lita moja moja, tangu Mlandizi. Hakuna aliyewaza, yaani hata mimi mwenye mzani.

Tunapanga kwenda tena. Juzi nimempigia simu nikamwomba msamaha, jambo lililonichukua muda mrefu kuliko kupanga begi. Nikamuuliza kama lile dumu bado lipo. Akacheka sana. "Lipo, Frateri, ila kifuniko kinavuja. Njoo na kingine."