Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi

Methali hii ni ya watu wanaoujua moto, na sioni mahali inapoeleweka vizuri zaidi kuliko Ufipa. Katika uwanda huu wa juu, Sumbawanga na Nkasi, bado yamesimama baadhi ya matanuru ya udongo, marefu kuliko mtu, ambamo Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma. Tanuru hilo, ilungu, halikuvukutwa. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini. Kilichotoka humo kilikuwa bonge la chuma lililojaa mavi ya chuma na makaa, lisilofaa hata kwa kisu. Halikutupwa. Lilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, likavukutwa kwa mifuo, na ndipo chuma cha kufulia jembe kilipopatikana.

Koleo humshikia mhunzi chuma cha moto. Likivunjika, kazi imesimama, hasara ipo, pengine na mkono umeungua. Methali haikanushi hata moja kati ya hayo. Inachokataa ni mtu kusema kwamba, kwa kuwa koleo limevunjika, yeye si mhunzi tena. Koleo lenyewe ni chuma: aliyelifua anaweza kulifua upya.

Sasa mfikirie mume aliyeuza mahindi ya chakula, fedha zikaishia kilabuni. Amevunja uaminifu, na mkewe anajua. Hatari kubwa zaidi ni pale anapojihukumu kwamba ameshakwisha, si mume wala Mkristo. Anayejihesabu amekwisha hana sababu ya kuacha pombe. Kukata tamaa hufanana na toba, maana vyote viwili huinamisha kichwa. Yuda alijuta, Petro naye alilia. Lakini Petro alirudi kwa wenzake, na yeye aliyemkana Bwana mara tatu ndiye aliyekabidhiwa kondoo.

Kule Ufipa, uhunzi na ndoa havikuwa mbali. Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki, walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Imani waliyoileta ilikuta Ufipa uhunzi ulioshikamana na ndoa: tanuru jipya lilipambwa kama bibi harusi, na mafundi walijitenga na wake zao hadi kazi iishe. Ubatizo haukuzima moto wa wahunzi; mwaka 1914 Padri Wyckaert, mmoja wa wamisionari hao, aliandika habari za wahunzi Wakristo sambamba na wale wa jadi. Matambiko yalikataliwa, ufundi ukaendelea.

Lakini methali hii isigeuzwe fimbo. Mke anayepigwa asisomewe maneno haya ili avumilie; yanamhusu kwanza aliyevunja, kwa kuwa ndiye anayedaiwa kufua. Machozi peke yake hayatoshi. Kintengwe kilidai makaa mapya na jasho jipya, na ndoa iliyotiwa doa inadai deni lilipwe, hesabu ya mavuno iwekwe wazi, marafiki wa kilabuni waachwe. Msamaha wa Mungu hupatikana kwa padri siku hiyo hiyo; imani ya mwenzio huenda ikachukua misimu kadhaa, na ana haki ya kuchelewa.

Wewe uliyeanguka, usihame mji kwa aibu. Nenda ukaungame, kisha rudi nyumbani mchana, ukae na mwenzio, umweleze yote, na umsikilize hadi amalize.