Shada la Funguo Lisilorudishwa

Ndugu zangu mnaoandika programu hapa Lubumbashi, na ninyi vijana mnaotunza seva za maofisi ya mjini, kisa hiki kinatuhusu sote. Tarehe 19 Januari 2016, watafiti wa kampuni ya Perception Point walitangaza kosa lililojificha ndani ya kiini cha Linux tangu 2012. Lilipewa namba CVE-2016-0728.

Kiini hicho hutunza nywila na siri nyingine za programu katika mashada ya funguo. Programu huomba shada kwa jina. Kiini kikilipata, huongeza moja katika hesabu ya wanaolitumia, kama zamu langoni anayeandika kila anayeingia. Programu ikimaliza, moja hupunguzwa. Hesabu ikifika sifuri, shada hufutwa.

Sasa sikilizeni. Programu ilipoomba shada ambalo tayari inalo, kiini kililitafuta, kikaongeza moja, kikaona ni lile lile, kikatoka bila kupunguza. Papo hapo hakuna kilichoharibika. Lakini hesabu hiyo ina biti 32 tu. Mtu aliporudia ombi mara bilioni 4 na ushee, ilijaa na kurudi sifuri, kama kihesabu cha kilomita cha gari kuukuu. Kiini kilidhani shada halina mwenyewe, kikalifuta, na mtu huyo akajaza nafasi iliyoachwa kwa data yake. Kwenye kompyuta ya watafiti kazi hiyo ilichukua kama dakika 30, na mtumiaji wa kawaida akawa mkuu wa mashini nzima.

Kinachonisikitisha ni kwamba dalili ilikuwa mbele ya macho. Fungua /proc/keys: safu wima ya tatu ndiyo hesabu yenyewe. Watafiti waliomba shada lao mara 100, programu yao ikaisha, na pale pakabaki pameandikwa 100. Shada lisilo na mtu, lenye watumiaji 100! Yeyote angeweza kuliona. Lakini programu ikienda vizuri, nani husoma safu ya tatu? Mimi sikuwa nikiisoma. Njia ya kufaulu naijaribu mara kumi. Ile ya "tayari unalo" naipita mbio, hasa jioni nikihofia umeme kukatika. Zaidi ya mara moja nimeacha hesabu ikining'inia hivyo hivyo.

Dawa ilikuwa mstari mmoja wa kupunguza hesabu: key_put, kabla ya kutoka. Tena, ndugu zangu, kupakua marekebisho peke yake hakutoshi. Kiini cha zamani huendelea kufanya kazi mpaka seva iwashwe upya. Andikeni uname -r mhakikishe ni toleo gani linalofanya kazi kweli.

Siku hizi, kabla sijamkabidhi mteja programu, naandika kwenye karatasi namba ya safu ya tatu. Naiendesha programu mara 1,000, pamoja na maombi yale ya kurudia-rudia, kisha naisoma tena.