Je, Uhai Wangu ni Wangu Peke Yangu?

Katika kisiwa cha Sumatra, nchi ya Indonesia, uko mlima uitwao Marapi, ambao kimo chake ni mita 2,891. Ni mlima wa moto, nao ungali hai. Kandokando yake watu hulima mboga, maana majivu ya zamani yameirutubisha ardhi. Na vijana huupanda ili kulitazama jua likichomoza.

Siku ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, mlima huo ulilipuka pasipo onyo lililo wazi, ukarusha majivu yapata mita 3,000 juu ya kilele. Wapandaji 75 walikuwako mlimani. 24 kati yao wakafa. Wachunguzi wa milima walikuwa wamekataza watu kulikaribia shimo la moto kwa umbali wa kilomita 3. Hata hivyo njia ilikuwa wazi, nao wapandaji walikuwa wameandikishwa. Basi tusiwahukumu waliokufa. Swali ni letu sisi tulio hai: Je, ni halali mtu kuhatarisha uhai wake kwa ajili ya furaha ya macho?

Mtu aweza kujibu, “Uhai ni wangu, nikifa, nimekufa mimi.” Tena atasema, “Mbona mkulima akaa palepale, wala hakuna amlaumuye?” Neno hili lina nguvu, lakini halikutimia. Mkulima yuko hatarini kwa sababu ya chakula cha watoto wake. Mpandaji aweza kukaa nyumbani asipungukiwe na kitu. Wala si kweli kwamba hatari ni yake peke yake. Siku zile waokoaji waliupanda mlima uleule ungali ukilipuka. Ikawabidi kusimama kwa muda, kisha wakapanda tena, wakawashusha majeruhi na maiti kwa machela. Hao hawakwenda kutazama jua. Nao pia wana wake na watoto.

Twaikumbuka habari ya Daudi, alipotamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa watatu walipenya katikati ya adui wakamletea. Lakini hakukubali kuyanywa, akayamimina, kwa kuwa aliona ndani yake damu yao. Kuona kiu hakukuwa kosa lake. Kosa lingalikuwa kuyanywa kana kwamba hayakuwa na bei.

Basi sisemi kwamba milima isipandwe. Kutamani kuziona kazi kubwa za Mungu si dhambi. Lakini kabla ya kuondoka, kila mtu na ajiulize: Nikianguka, ni nani atakayenifuata? Naye akifa kwa ajili yangu, nitathubutu kumtazama mkewe usoni na kumwambia nilikuwa nikitafuta nini kule juu? Asiyeweza kujibu, na angoje chini ya mlima. Jua huchomoza huko pia.