Hiari Yashinda Utumwa: Juu ya Siku ya Kazi ya Kujitolea

Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa mwaka 1962, mambo mawili yaliwekwa chini ya paa moja, nayo ni utamaduni na vijana. Wako waliodhani kwamba yalikutanishwa kwa ajili ya ngoma na michezo tu. Lakini utamaduni wa watu ni pamoja na namna wanavyolima, wanavyogawana mavuno, na wanavyoitana wanapozidiwa na kazi. Kijana anayejifunza ngoma ya babu yake bila kujua babu huyo alimwitaje jirani shambani amepata nusu tu ya urithi wake. Insha hii inahusu ile nusu nyingine.

Karibu kila kabila la nchi yetu lilikuwa na desturi ya kusaidiana kazi. Wapare waliiita msaragambo, na neno hilo limeingia katika Kiswahili. Wengine walikuwa na majina yao. Kiswahili sanifu huiita ujima. Mwenye shamba aliwaalika majirani, akaandaa chakula na pombe, nao wakalima kwa siku moja eneo ambalo peke yake angelilima kwa wiki mbili. Leo desturi hiyo imevaa vazi jipya. Kikundi cha vijana wakulima hutangaza siku ya kujitolea, barua hupelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji, na watu huombwa wafike na majembe. Swali linalotukabili ni hili: siku hiyo ikishapangwa, ikawekewa saa na orodha ya majina, je, bado ni ya kujitolea? Na kama si ya kujitolea, ni kitu gani kinachoitofautisha na shokoa?

Ili tusizungumze hewani, natuchukue mfano wa Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa. Wilaya hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2002, ina sura mbili. Kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, Ilula inajulikana kwa nyanya na Ruaha Mbuyuni kwa vitunguu. Huko juu, katika Milima ya Udzungwa, baridi ni kali, na watu hulima mahindi, maharage, njegere na viazi mviringo. Mvua ni za msimu mmoja. Huanza takriban mwezi wa Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Zikishakoma, wakulima huteremkia mabondeni kulima vinyungu, yaani matuta yanayoinuliwa katika ardhi yenye unyevu na kutenganishwa kwa mifereji, ili mboga na mahindi mabichi vipatikane kiangazi. Tuseme basi kwamba kikundi cha vijana kumi na watano kimepewa na kijiji kipande cha bonde. Kuchimba mifereji na kuinua matuta ni kazi nzito, na wao peke yao hawataimaliza kabla ardhi haijakauka. Wanaamua kuwaita wanakijiji kwa siku moja ya mwezi wa Juni. Je, wanayo haki ya kuwaita? Na wanakijiji wanao wajibu wa kwenda?

Kabla ya kujibu, hatuna budi kukumbuka kwamba nchi hii imewahi kuona shamba la pamoja ambalo lilikuwa chukizo. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Wajerumani iliagiza kwamba katika sehemu za pwani kila jumbe awe na shamba la pamba ambalo watu wake wote watalilima kwa siku zilizopangwa. Katika Wilaya ya Dar es Salaam siku hizo zilikuwa 28 kwa mwaka. Mapato yaligawanywa, lakini fungu la wafanya kazi lilikuwa dogo mno, hata baadhi yao walikataa kulipokea. Mashamba hayo yalikuwa mojawapo ya sababu za Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Julai 1905 katika Milima ya Umatumbi.

Mtu angelitazama shamba lile kwa mbali, angeliona nini? Angeliona watu wengi wameinamia jembe katika shamba moja, na kiongozi wao amesimama. Angeweza kudhani kwamba ni ujima. Kwa hiyo tofauti kati ya ujima na shokoa haimo katika wingi wa watu, wala katika shamba kuwa la pamoja, wala hata katika kuwapo kwa siku maalumu. Yatupasa kuitafuta mahali pengine.

Sheria zimejaribu kuitafuta. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930 juu ya kazi ya shuruti haukuzikataza kazi ndogo ndogo za jumuiya, lakini uliweka sharti: wanajumuiya wenyewe au wawakilishi wao wawe na haki ya kuulizwa kama kazi hiyo inahitajika. Katiba yetu ya mwaka 1977 nayo, katika ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti, na papo hapo inaeleza kwamba majukumu ya kawaida ya ustawi wa jamii hayahesabiwi kuwa shuruti. Tunaona basi kwamba wajibu na hiari havipingani kama maji na moto. Mtu anaweza kuwa na wajibu na bado akawa huru, maadamu ameshiriki katika kuuweka wajibu huo. Sharti la kwanza, kwa hiyo, ni shauri.

Historia ya kusini mwa nchi yetu inalithibitisha jambo hili kwa njia mbili zinazotofautiana. Huko Litowa, karibu na Songea, vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walianza kulima na kuishi pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hawakuamriwa na mtu. Mambo yao waliyaamua katika mikutano yao wenyewe, na vijiji vingine vikavutwa na mfano wao, hata kikaundwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Chama hicho kilivunjwa na uongozi wa TANU mwezi wa Septemba 1969. Mkoani Iringa mambo yalikwenda vingine. Katika jitihada za kuanzisha vijiji vya ujamaa huko Isimani, Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima siku ya tarehe 25 Desemba 1971, na mkulima huyo naye akahukumiwa kifo. Mwaka 1973 kuhamia vijijini kulitangazwa kuwa amri kwa nchi nzima. Hatuyataji haya ili kuwalaumu marehemu. Twayataja kwa sababu yanaonyesha kwamba kazi ya pamoja ni jambo lenye uzito. Ikikosewa huweza kugharimu uhai wa watu, na imani iliyovunjika kati ya mwananchi na kiongozi haijengwi upya kwa siku moja.

Hapa msomaji makini atapinga, na pingamizi lake lina nguvu. Atasema: tukingoja hiari ya kila mtu, nusu ya kijiji haitafika, wenye bidii watalima, na wavivu watakula. Nchini Rwanda, sheria ya mwaka 2007 iliifanya kazi ya umuganda, inayofanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuwa wajibu wa kila raia mwenye uwezo aliye na umri wa miaka 18 hadi 65, na asiyefika hutozwa faini. Kwa nini nasi tusifanye hivyo?

Tukubali kwamba hata ujima wa wazee wetu haukukosa adhabu. Mtu asiyekwenda kwa wenzake aliamka siku yake akakuta shamba lake tupu. Lakini adhabu ile ilikuwa ni matokeo ya tendo lake mwenyewe, na ilitoka kwa watu aliowanyima jasho lake. Faini hutoka ofisini, na aliyekwisha kuilipa huona kwamba amemaliza deni lake kwa jirani. Hapo ndipo ilipo hasara ya faini: inaweza kuujaza uwanja watu, lakini humfundisha mtu kwamba ujirani una bei. Kwa barabara au kisima, ambavyo ni mali ya kila mtu, pengine jamii inaweza kukubaliana kuilipa bei hiyo. Lakini shamba la kikundi cha vijana si kisima. Mavuno yake ni ya wanakikundi. Kumtoza faini bibi mjane kwa sababu hakwenda kuwalimia vijana wenye nguvu ni kugeuza desturi juu chini.

Hili linatupeleka kwenye sharti la pili, ambalo ni marejesho. Katika ujima, siku iliyotolewa ilikuwa inarudi. Vijana wa Kilolo wanaowaita wanakijiji mwezi wa Juni hawana budi kusema waziwazi, katika kikao kile kile cha kuomba, watairudisha siku hiyo vipi: kwamba wataezeka nyumba ya mzee fulani, kwamba watapalilia mashamba ya wagonjwa mvua zitakapoanza. Tena hesabu ya mauzo isomwe mbele ya waliofanya kazi. Kikundi kinachoficha daftari lake kisishangae mwaka wa pili kikiita na kuitikiwa na mwangwi.

Sharti la tatu ni kwamba kazi yenyewe iwe halali na isimdhuru asiyekuwapo. Vinyungu huwa karibu na maji, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji. Mito ya Kilolo hatimaye humwaga maji yake katika Mto Rufiji, na watu wengi wasioijua Kilolo huishi kwa maji hayo. Watu mia moja wakikubaliana kwa furaha kulima chemchemi, furaha yao haiifanyi kazi hiyo kuwa njema. Huenda siku hiyo hiyo ya kujitolea ikaanza kwa kupima hatua kutoka mtoni, na kupanda miti ya asili inayotunza maji mahali ambapo jembe halitafika.

Masharti haya matatu yakitimia, mambo mengine ya maandalizi huwa rahisi, ingawa si madogo. Siku isigongane na siku ya mnada wala ya ibada. Kwa kuwa asubuhi za Juni milimani ni za baridi kali, saa ya kuanza iwekwe kwa huruma. Kila mtu apimiwe sehemu kulingana na nguvu zake, na asiyeweza kushika jembe apewe kazi ya kuteka maji, kupika au kutunza watoto, nayo ihesabiwe sawa na kulima. Chakula kiwepo cha kutosha, na kiongozi aliyetangaza siku awe wa kwanza kuingia mferejini, kwani watu humtazama mikono kabla ya kumsikiliza.

Neno la mwisho ni kwa walimu na wanafunzi, maana aghalabu siku kama hizi hutegemea nguvu za shule. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washiriki katika kupanga kazi na kuamua juu ya mapato yake. Mahali pengi sehemu ya kwanza ilitekelezwa na ya pili ikasahauliwa. Shamba likabaki, shauri likaondoka. Mbaya zaidi, jembe likawa adhabu ya mchelewaji. Mwalimu anayempa mwanafunzi jembe siku ya Jumatano kwa kuwa amekosa, atamwambiaje siku ya Jumamosi kwamba jembe hilo hilo ni heshima? Kijana huyo amekwisha kujifunza kwamba kulima ni fungu la wakosaji, na somo hilo atakwenda nalo hadi utu uzima.

Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Hawakusema kwamba hiari ni rahisi kuliko utumwa. Kumwamuru mtu ni kazi ya dakika moja; kumshawishi, kumsikiliza anapokataa, kumweleza hesabu na kumrudishia siku yake ni kazi ya msimu mzima. Kikundi cha vijana kinachoichukua taabu hiyo huenda mwaka wa kwanza kikapata watu thelathini, ambapo amri ingelileta mia tatu. Lakini watu hao thelathini watakuja tena mwakani bila kutumiwa mgambo, nao watakuja na jirani zao. Kabla hamjatangaza siku yenu, basi, jiulizeni swali moja: mtu akisema leo hawezi kuja, tutamtazama kwa macho gani kesho? Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha kama mnaita ujima au mnaita shokoa.