Mangi Hana Hataza

Asubuhi nikifika kwa mangi, hapa Tabata, sisemi mengi. "Mangi, kama kawaida." Anatoa maziwa na mkate, anaandika kwenye daftari, naondoka. Maneno mawili, biashara imeisha.

Mwaka 1999 Amazon walipewa hataza Marekani, yaani haki ya kuwazuia wengine, kwa jambo linalofanana na hilo: mteja anayejulikana ananunua kwa kubofya mara moja. Mwaka huohuo wakaishtaki Barnes & Noble. Mwaka 2000 Apple wakalipia ruhusa ya kutumia njia hiyo. Hataza yenyewe ikaisha 2017.

Mimi naishi kwa kuandika. Mtu akinakili makala yangu nitakasirika, kwa hiyo siwezi kusema kila kitu kiwe bure. Lakini hakimiliki inamkamata aliyenakili. Hataza inamzuia hata yule aliyejifungia chumbani kwake, akafikiri mwenyewe, akaandika programu yake kuanzia mstari wa kwanza. Hajaiba kitu, amechelewa tu.

Tangu lini kuchelewa kukawa wizi?

Wapo watakaoniuliza: bila ulinzi, nani atahangaika kubuni? Kwa dawa inayotafutwa maabara miaka kumi, nawaelewa. Lakini kumkumbuka mteja si dawa. Mangi wangu anafanya hivyo, na wa mtaa wa pili anafanya vilevile. Wanashindana kwa bei, kauli nzuri na kuwahi kufungua. Hakuna aliyefungiwa duka kwa sababu mwenzake alitangulia.